Kofia ya moshi: Namna ya kuiweka salama jikoni Lodwar na Kakuma

MOSHI wa jikoni ni hatari ambayo wengi wameizoea. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 walifariki ulimwenguni kutokana na hewa chafu ya nyumbani, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Nimonia, maradhi ya moyo na kiharusi ni miongoni mwa madhara yake.

Katika kaunti ya Turkana, kuni na makaa, mengi yakitokana na mti wa mathenge, ndiyo nishati ya kupikia katika nyumba nyingi. Kibanda cha matawi na majani ya mkoma hupitisha hewa kwa urahisi. Hali ni tofauti katika vyumba vya mabati vya Lodwar na nyumba za matofali ya udongo katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka wa 1992. Humo moshi hukosa pa kutokea.

Mojawapo ya tiba ni kofia ya moshi, yaani bati lililoundwa mfano wa faneli iliyopinduliwa, linaloning'inizwa juu ya moto na kuunganishwa na dohani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la ITDG, ambalo sasa huitwa Practical Action, lilishirikiana na akina mama wa Kajiado kuunda kofia za aina hii. Vipimo vilivyochukuliwa katika nyumba zao vilionyesha kuwa moshi ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Hata hivyo, kofia iliyowekwa vibaya yaweza kurudisha moshi chumbani au kuteketeza nyumba.

Kupima na kutundika

Hewa ya moto hupanda yenyewe, nayo kofia huiongoza tu. Kwa hivyo mdomo wake sharti uzidi upana wa meko kwa takriban sentimita 15 kila upande. Ishushwe kadiri iwezekanavyo, mradi mpishi asonge ugali bila kugonga kichwa na ndimi za moto zisiguse bati. Kingo zikunjwe ndani ili zisikate mtu. Uzito ubebwe na nyaya au vyuma vilivyofungwa kwenye mbao imara za paa, wala si na dohani.

Dohani iende juu moja kwa moja. Ikilazimu kupindwa, pindo lisizidi nyuzi 45, kwani bomba lililolala hukusanya masizi na kupunguza mvuto wa hewa.

Kupenya paa

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Bomba la bati moja likae angalau sentimita 45 kutoka kwa mbao, dari au kitu chochote kinachoweza kushika moto. Paa la makuti lisitobolewe kabisa, kwa kuwa cheche moja yatosha kuliwasha. Mwenye nyumba ya makuti ni heri ajenge jiko kando, mbali na vibanda vingine. Tahadhari hii ni muhimu zaidi kambini, ambako nyumba zimekaribiana.

Dohani ipite paa kwa sentimita 90 au zaidi, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho umbali wa mita tatu. Upepo mkali wa Turkana, ambao aghalabu huvuma kutoka kusini mashariki, huusukuma moshi chini dohani inapokuwa fupi. Kifuniko chenye nafasi wazi pembeni huzuia mvua na kupunguza athari ya upepo huo.

Hewa ya kuingia

Moshi hautoki pasipo hewa nyingine kuingia. Tundu liachwe chini ya ukuta au mlango, ila lisielekee moto moja kwa moja, maana upepo huutawanya moshi kabla haujafika kwenye kofia. Ili kujaribu, choma nyasi mbichi kidogo chini ya ukingo wa kofia. Moshi ukimwagika pembeni, kofia iko juu mno, tundu ni dogo au dohani ni fupi.

Masizi yaondolewe kila mwezi, moto ukiwa umezimwa na bati limepoa.

Kofia za umeme

Kwa jiko la gesi, kofia yenye feni huwekwa kwa kawaida sentimita 65 hadi 75 juu yake, kwa kufuata maagizo ya mtengenezaji. Nyaya ziunganishwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Feni hiyo isiwashwe penye jiko la mkaa au dohani nyingine ikiwa madirisha yamefungwa, kwa sababu inaweza kuvuta gesi ya sumu na kuirudisha ndani.

Makaa yasikulaghai

Makaa hayatoi moshi mwingi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka. Kofia haihalalishi kulala chumbani na jiko linalowaka, hata makaa yakiwa yamefunikwa jivu. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vinapowapata watu kadhaa kwa pamoja, wote watoke nje mara moja na wapelekwe hospitalini.