Matandiko ya Kuku

Zamani wafugaji wengi wa Marekani walidhani ya kuwa usafi wa banda ni kutupa matandiko kila mara. Nasi tulifundishwa vivyo hivyo. Lakini katika miaka ya 1940, huko Wooster katika Ohio, Kennard na Chamberlin walijaribu njia nyingine. Waliyaacha matandiko ya kale, wakayageuza na kuongeza mapya juu yake. Hapo kwanza, katika kila vifaranga 100 walikufa 19. Baadaye walikufa 7 tu. Sababu ni nini? Vijidudu vya matandiko huozesha mavi, tena hufanya vitamini B12, iliyopatikana safi mwaka 1948, na vifaranga huiokota humo. Basi, ndugu wasomaji, tutandike maranda makavu au makapi ya mpunga. Tuogope unyevu, wala si ukale.