Asumini na Kikuba: Manukato Katika Utamaduni Wetu

Katika nchi za baridi, ua la majira ya machipuo hupendwa kwa kuwa huja baada ya theluji, na watu hulingojea kwa miezi mingi. Pwani ya Afrika Mashariki haina theluji ya kuyeyuka. Ua lake linalosifiwa kuliko mengi halingojewi kwa miezi bali kwa saa. Asumini huwa tumba mchana, hufumbuka jioni, hunukia usiku, na jua la siku ya pili likipanda, limekwisha nyauka. Atakaye harufu yake hana budi kuujua wakati wake. Ujuzi huo ni historia, na waliouhifadhi hasa ni wanawake, kwa mikono yao na si kwa vitabu.

Asumini si mzalia wa pwani. Jina lake lilianzia Uajemi, likapitia Uarabuni. Mlangilangi, mwenziwe katika manukato, asili yake ni visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Miti hiyo ni matunda ya biashara ya Bahari ya Hindi, iliyoleta pia udi na marashi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliletewa tambuu na popoo kutoka kwa sultani, kisha akamiminiwa mikononi marashi ya waridi ya Dameski. Kumnukisha mgeni kulikuwa ni kumheshimu. Desturi hiyo haijafa: mrashi ungali ukipitishwa katika harusi na maulidi.

Hata hivyo, harufu nzuri haikuwa ya wote kwa haki sawa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin mwaka 1886, na humo alieleza manukato ya jumba la baba yake. Yafaa tuulize: ni nani aliyechota maji ya bustani, na ni nani aliyefukiza nguo? Utumwa ulikuwa halali Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Manukato ya jumbani yalichanganyika na jasho la watu wasiolipwa.

Lakini pambo hilo halikubaki mali ya jumba. Leo kikuba hakiulizi ukoo wa anayekivaa. Hutengenezwa kwa asumini, rihani, mkadi na maua mengine, yakafungwa pamoja na kuchomekwa nyweleni au kifuani. Matumba ya asumini huchumwa kabla hayajafumbuka, ili yafumbukie katika uzi. Bibi harusi husingwa kwa singo, mchanganyiko wa asumini, mlangilangi, waridi na viungo vingine, naye somo wake humfundisha kila kimoja na kazi yake.

Mtu asidhani kwamba huo ni mchezo wa jikoni tu. Katika mji wa Grasse, Ufaransa, watengenezaji wa manukato walitambua kwamba asumini huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa. Wakayalaza maua juu ya mafuta mazito yaliyosafishwa ili yainyonye harufu hiyo. Mtunga kikuba anayechuma tumba kabla ya jioni hutumia ukweli uo huo. Mwaka 1921 Ernest Beaux alipotunga Chanel No. 5, alitia ndani yake asumini ya Grasse pamoja na mlangilangi. Jirani zetu wa Komoro, waliopata uhuru mwaka 1975, wamekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya mlangilangi duniani. Takriban kilo 50 za maua mabichi huhitajika ili kupata kilo moja ya mafuta. Mafuta huvuka bahari, yakarudi katika chupa ndogo yenye jina la kigeni, na mchumaji aliyeamka alfajiri hawezi kuinunua.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alieleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu waliokosa roho ya kuwafanya taifa. Roho hiyo haimo ngomani peke yake. Imo pia katika namna watu wanavyojipamba na kumkaribisha mgeni.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa Musoma, Bunda au Buswahili asiseme kwamba asumini ni habari ya watu wa pwani. Na amwulize bibi yake: zamani mlijipaka nini? Jani gani lilinukia, na lilichumwa saa ngapi? Majibu hayo na ayaandike, ayapeleke darasani, nao walimu wayakusanye. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Bibi anayejua saa ya kuchuma akifariki hajaulizwa, mti utaendelea kutoa maua, lakini hapatakuwa na wa kukitunga kikuba.