Mkuu wa Kaya

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika Ngara kupitia daraja la Rusumo. Katika muda wa saa 24 walifika takriban 250,000. Walipiga kambi Benaco, na kilichohitajika kabla ya shule wala soko kilikuwa orodha: nani apewe chakula, na kiasi gani.

Kadi ya mgawo iliandika kaya, kisha idadi ya watu wake. Huko kwetu hilo halikuwa jambo geni. Kodi ya kibanda ya Mjerumani ilihesabu nyumba. Balozi wa TANU alihesabu nyumba kumi. Bibi yangu, mzaliwa wa Biharamulo, ameishi miaka mingi katika orodha kama tarakimu iliyo mbele ya jina la babu.

Ninasomea uzamili wa historia, na kwa kufuatilia umbo hili nimefika mbali na Kagera: kwenye COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa Marekani mwaka 1959 kwa kazi za mishahara, kodi na bohari. Faili lake ni mistari ya herufi zilizobanana. Tuseme nafasi nane za kwanza ni namba ya kadi, thelathini zinazofuata ni jina la mkuu wa kaya, kisha wanakaya wanafuatana mkiani mwa mstari wake. Faili lenyewe halisemi kipi ni kipi. Ufafanuzi umo ndani ya programu. Ukimtaka mtoto, sharti uanze na baba, na kila swali jipya lahitaji mtaalamu akuandikie programu nyingine.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza wa kampuni ya IBM, alipendekeza data ipangwe katika majedwali, ili muulizaji asilazimike kujua njia ya kulifikia jibu. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce walichapisha lugha ya kuulizia, mama wa SQL ya leo. Mwaka huohuo Tanzania, iliyofunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Mafaili ya COBOL bado yanatumika katika benki na serikali nyingi duniani, na si lazima yahamishwe ndipo yaulizwe. Ule ufafanuzi wa programu huwekwa kama mkalimani kati ya faili na muulizaji. Mkia wa mstari huonekana kama jedwali la pili: kila mwanakaya na mstari wake, akiunganishwa na mkuu wake kwa namba ya kadi. Faili halijaguswa, lakini mtoto sasa anaulizika kwa jina lake.

Baada ya 1994, Msalaba Mwekundu na mashirika mengine yaliandikisha zaidi ya watoto 100,000 waliopotezana na wazazi katika nchi za Maziwa Makuu. Kadi iliyosema "watu sita" iliweza kupima mahindi, lakini isingemrudisha mtoto hata mmoja kwao. Ilibidi iandikwe orodha nyingine, ambamo mtoto ndiye mwenye mstari.

Lakini orodha inayoulizika kwa urahisi humjibu yeyote. Kwenye vizuizi vya Rwanda, kabila lililoandikwa katika kitambulisho lilitosha kumuua mtu. Kwa hiyo, kabla ya kulifungua faili la zamani, naona tuamue kwanza nani ataruhusiwa kuuliza. Mimi ningeanza na wale walioandikwa mkiani.