Ergoterapi: tiba inayouliza mtu anataka kufanya nini

Mu hospitali nyingi za Kivu, mtu aliyekatwa mguu ao aliyepooza upande mmoja sababu ya AVC anasikia neno moja tu la matibabu ya viungo: kine. Kine inanyoosha mkono uliokaza, inazoeza mguu kukanyaga tena. Ni kazi kubwa, hakuna wa kuidharau. Lakini iko tiba ndugu yake ambayo wengi hawajaisikia bado, ergoterapi. Yenyewe inaanza na ulizo: kesho ukirudi nyumbani, unataka kufanya nini? Kuoga peke yako? Kupika? Kurudi soko na beseni yako ya samaki? Kuandika mu daftari ya masomo? Jibu la mgonjwa ndilo linakuwa mpango wa matibabu.

Ulizo hilo linaonekana dogo. Lakini kwa mtu ambaye tangu ajali hakuna aliyemuuliza kitu, ila watu wanazungumza juu ya kichwa chake sawa vile hayupo, ni ulizo la haki.

Mkono mmoja na mbabula

Tuseme mama wa miaka 50 hivi, mkono wake wa kuume haufanyi kazi tena. Mu mazoezi ya kine anafika kuinua mkono kidogo, basi. Mwenye ergoterapi anaenda naye mpaka jikoni. Muhogo unamenywaje na mkono mmoja? Unapiga misumari mbili ao tatu mu ubao, ncha zikitokea juu, unachomeka muhogo pale, hauteleze tena. Sufuria inazunguka wakati wa kusonga bugali? Unaweka kitambaa kibichi chini yake ao unaishikiza mu fremu ya mbao. Mbabula iko chini na mama hawezi kuinama? Inapandishwa juu ya matofali, yenye kukaa imara, akoroge akiwa ameketi. Bidon ya litre 20 inaachwa, inatafutwa ya 5. Kitenge kinachohitaji mikono miwili kufunga kinashonewa elastiki ao velkro. Mu choo, kiti cha mbao chenye tundu katikati na mti wa kushikilia pembeni, na mama hangojei tena binti yake arudi kutoka masomo ndipo ajisaidie.

Vitu hivi vyote fundi wa mbao wa kartye anaviweza. Shida kubwa mara nyingi iko fasi ingine, kwa jamaa. Watoto, kwa upendo kabisa, wanamwambia mama: kaa tu, pumzika, sisi tutafanya. Mwezi wa kwanza ni sawa. Mwaka wa pili, mama hashiki tena franka ya soko, haulizwi tena nini ipikwe, wageni wakifika anahamishiwa chumba cha nyuma. Hakuna aliyemnyanganya kwa ubaya, lakini nafasi yake mu nyumba imekwenda. Ndiyo sababu mwenye ergoterapi anaita pia bwana, watoto, mawifi, wakae pamoja, mama aseme kazi gani anataka zirudi mikononi mwake. Kikao kile ni matibabu sawa na mazoezi ya mkono, na pengine ndicho kigumu zaidi.

Neno lenye uzito

Wanaotafsiri jina la tiba hii mu Kiswahili wanasema "tiba ya kazi". Mu Kongo neno kazi lina historia yake. Wakati wa Leopold wa 2, kati ya 1885 na 1908, kazi ilikuwa kauchu ya kulazimishwa, na mikono ya watu ilikatwa. Wakati wa Mobutu ilikuwa Salongo, utake usitake. Kwa hiyo neno "shughuli" linafaa zaidi, maana tiba hii inahesabu kila kitu kinachojaza siku ya mtu: kujivalisha, kulea mtoto, kuimba mu kwaya, kucheza mpira, kupiga story na majirani, kutafuta pesa.

Kama ufundi wenye shirika, ergoterapi ilizaliwa Marekani. Mwezi wa Machi 1917, watu wachache walikutana Clifton Springs, mu jimbo la New York, wakaanzisha shirika la kwanza. Kati yao walikuwa George Barton, ambaye mwenyewe alikuwa na ulemavu, na daktari William Rush Dunton. Eleanor Clarke Slagle alihesabiwa kati ya waanzilishi pia. Vita ya kwanza ya dunia ilirudisha maaskari wengi wenye viungo vilivyovunjika na roho zilizovunjika, na tiba ikakua haraka. Shirikisho la dunia la ufundi huo lilianzishwa mwaka 1952.

Kwa miaka mingi waliangalia mtu mmoja mmoja: mkono wake, akili yake, mazoea yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ann Wilcock wa Australia na Elizabeth Townsend wa Kanada walileta wazo la haki ya shughuli. Kwa kifupi: mtu anahitaji kufanya mambo yenye maana kwake, kama vile anahitaji kula. Kumzuilia ni kumdhulumu, hata kama hakuna aliyempiga. Kisha Frank Kronenberg akatumia neno zito zaidi, apartheid ya shughuli, juu ya hali ambapo watu fulani wanafungiwa milango ya kazi na maisha sababu ya vile wanavyoonwa na jamii. Mwaka 2005 yeye na wenzake walitoa kitabu chenye sauti za watu wa nchi mbalimbali juu ya mambo hayo. Mwaka 2006 shirikisho la dunia likatoa msimamo wake juu ya haki za binadamu. Tangu hapo mwenye ergoterapi ambaye anasema "siasa hainihusu, mimi ninatengeneza vidole tu" ana maelezo ya kutoa.

Pale mawe ya volkano yanapoamua

Mu Goma, njia ndiyo inaanza kubagua. Mji umejengwa juu ya lava, na Nyiragongo ilimwaga tena Januari 2002 na Mei 2021. Ukitoka kwenye barabara kubwa na kuingia avenue za ndani, kiti cha magurudumu madogo ya mbele, kile cha hospitali, kinakwama baada ya metre chache. Mtu anayepewa kiti kama kile amepewa kitu cha kukaa nacho ndani. Kwa mawe inahitajika gurudumu la mbele kubwa na lililo mbali kidogo na mwili, ao kinga ya magurudumu matatu inayosukumwa kwa mikono.

Kinga zile kila mtu anazijua, juu ya wale wanaovuka mpaka wa Goma na Gisenyi ku Petite Barrière, mizigo imepangwa mpaka juu ya kichwa. Mu Kinshasa ilikuwa vile vile ku Beach Ngobila. Wakati wa Mobutu watu wenye ulemavu walipewa nafuu mu mashua na mu forodha, wakajenga biashara kubwa kati ya Kinshasa na Brazzaville, wakalisha familia zao na kusomesha watoto. Mwaka 2014 Brazzaville ilifukuza Wakongomani wengi mu operesheni iliyoitwa Mbata ya Bakolo, na biashara ile ikapigwa vibaya. Nafuu ya kuhurumiwa inaweza kuondolewa asubuhi moja.

Mwenye ergoterapi anapokutana na mfanyabiashara wa namna hiyo hamwambii aache, angalau asingepaswa. Anaangalia mabega, kwa sababu kusukuma siku nzima kunayachosha na kuyaumiza. Kwa asiyesikia sehemu ya chini ya mwili, anamfundisha kuinua makalio kila baada ya dakika 15 ao 30, kukalia mto mzuri, na kujikagua jioni kwa kioo, maana kidonda cha kukaa kinaweza kufika mpaka mfupa na kuua. Anapima pia mzigo: uwekwe wapi ili kinga isipinduke ku mteremko.

Kisha kuna vita. Januari 2025 hospitali ya CBCA Ndosho, Goma, ilijaa majeruhi wa risasi na bomu. Mbele ya hapo, wakulima wa Masisi na Rutshuru walikuwa wamekaa miezi na miezi mu kambi za Bulengo na Lushagala, bila shamba, bila mbegu, wakingojea mgawo, mpaka kambi zikavunjwa mwezi Februari. Mtu mwenye nguvu zote za mwili aliyekaa hivyo naye amenyimwa shughuli. Wataalamu wanaihesabu hali ile kuwa dhuluma, na madhara yake yanaonekana: pombe, ugomvi, huzuni isiyoisha, baba asiyejua tena ni baba kwa nini.

Konzo

Mbali na Kivu ya Kaskazini kuna mfano unaosema mengi zaidi. Konzo ni ugonjwa unaokaza miguu yote miwili ghafla, bila kupona. Jina linatoka mu Kiyaka, na daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 huko Kwango. Unashika zaidi watoto na wamama. Chanzo chake ni muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, pamoja na chakula kisicho na protini. Umeonekana pia Burhinyi, mu Kivu ya Kusini.

Mu vijiji vile wamama wanajua vizuri muhogo unatakiwa kukaa mu mayi siku tatu ao nne. Ila njaa inabisha, ao mchuuzi amefika na anataka kununua leo, ao ni kiangazi na mayi iko mbali. Muhogo unatolewa mapema. Mtoto anapokaza miguu, kumpa fimbo ni lazima, na kumzoesha kutembea nayo. Lakini jiko la nyumba ile litaendelea kutoa wagonjwa. Iko njia rahisi: unga unachanganywa na mayi, unatandazwa mwembamba, saa mbili mu jua ao saa tano mu kivuli, sumu inapungua sana mbele ya kupika. Kuifundisha pale jikoni, na wamama wenyewe wakiamua wakati gani wa siku inawezekana, ni ergoterapi kamili.

Sheria iko, watu wachache

Kongo haikosi maandishi. Katiba ya 2006, artikle ya 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 nchi iliingia mu mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, ambao artikle yake ya 26 inazungumza juu ya huduma za kurudisha uwezo. Mwaka 2019 iliwekwa waziri anayehusika na watu wenye ulemavu, Irène Esambo. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nambari 22/003 ya kuwalinda na kuendeleza haki zao.

Kinachokosa ni mikono. Vituo vya zamani kama Heri Kwetu mu Bukavu na Shirika la Umoja mu Goma vinabeba mzigo ambao serkali ingepaswa kubeba. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zina shule za ufundi huu, lakini zinafundisha kwa Kiingereza, na kijana aliyesomea Kifaransa anaanza na kikwazo. Kwa sasa sehemu kubwa ya kazi inafanywa na watu wa kine, wauguzi, na wajitolea wa RBC, ile huduma inayofuata mtu mpaka kijijini. Ndio wanaotengenezea mtoto mwenye shingo isiyosimama kiti cha karatasi ngumu, tabaka juu ya tabaka na gundi ya unga, kikaushwe vizuri na kupakwa rangi, ili akae na wenzake mu darasa na mwalimu asipate sababu ya kumrudisha.

Familia inayotoka hospitali inaweza kuomba mambo matatu mbele ya kusaini karatasi: mgonjwa aoneshwe namna ya kuhama kutoka kitandani mpaka kitini bila kubebwa, mtu mmoja wa nyumba ajifunze pamoja naye, na kama kiti cha magurudumu kimeagizwa, mlango wa nyumba na wa choo ipimwe kwanza. Kiti cha mtu mzima mara nyingi kina upana wa sentimetre 65 hivi. Milango mingi ya choo ni midogo kuliko hapo, na ni rahisi zaidi kumwita fundi apanue mlango mbele ya siku ya kurudi kuliko kumbeba baba mgongoni kila asubuhi.