Mutwanga: mlima ulikuwa na wenyewe

Ukiuliza wanafunzi nani alifika wa kwanza juu ya Ruwenzori, watajibu mbio: Duc des Abruzzes, Mtaliani, mwaka 1906. Kwa kilele cha Margherita, metre 5.109, jibu ni sawa. Lakini yeye alipandia Uganda. Njia ya kwetu inaanzia Mutwanga, teritware ya Beni, inafuata bonde la Butahu. Mjerumani Franz Stuhlmann alilipanda bonde hilo mwaka 1891, akafika karibu metre 4.000. Wabelgiji wa Xavier de Grunne walikuja mwaka 1932. Na mizigo? Haikujibeba yenyewe.

Wanande na ndugu zao Wakonzo wa Uganda (lugha ni moja, mpaka njo uliwagawa) wanaita theluji nzururu. Kutoka hapo Rwenzururu, jina ambalo wageni walilitamka Ruwenzori. Katika mapokeo ya Wakonzo, Kitasamba anakaa kule kwenye weupe. Kwa hiyo mtu hakupanda ovyo. Mwindaji wa pimbi alijua mahali pa kulala na mahali pa kurudia. Kwangu mimi, hiyo pia ni jiografia.

Kisha ikaja Parc Albert, iliyoundwa mwaka 1925. Ilipopanuliwa mpaka mlimani, mwindaji wa jana akaitwa mwizi wa nyama, ao akawa mpagazi wa watalii. Nyumba za kulala zikajengwa Kalonge, Mahangu na Kiondo. Safari ya siku tano ao sita: mashamba, msitu, mianzi, miti yenye ndevu, mwisho lobelia kubwa kupita mtu. Wageni waliita hiyo mapumziko. Kwa mpagazi ilikuwa mshahara, na masomo kwa kijana aliyemfuata nyuma.

Masomo hayo yamekatika. Tangu miaka ya 1990 waasi waliotoka Uganda na vita vilifunga njia mara nyingi. Kijana asiyepanda hawezi kujua. Na theluji yenyewe inaisha: mwaka 1906 barafu ilifunika karibu kilometa za mraba 7, mwaka 2003 haikufika hata 1.

Kazi ya likizo iko wazi. Kila mwanafunzi wa Mutwanga aende kwa babu aliyebeba mizigo, aandike kwa Kinande majina ya vijito na mapango kutoka Kalonge mpaka Kiondo. Kwenye ramani za wazungu mengi hayamo.