Mpigo na mzunguko: maneno ya kufundishia mpira mweupe katika biliadi

Katika biliadi ya mashimo, mpira mweupe ndio pekee ambao mchezaji anaruhusiwa kuugusa kwa fimbo. Mpira huo ndio unaoipeleka mingine mashimoni, na baada ya kazi hiyo hutakiwa kubaki mahali panapofaa kwa mpigo unaofuata. Kuutuma mbele si kazi ngumu. Kuufanya usimame, usonge au urudi baada ya kugonga mwenzake ndiyo elimu yenyewe, na elimu hiyo hupitia kwenye maneno: mwalimu husema jambo, mkono wa mwanafunzi ukalitenda. Neno likikosewa, mkono hukosea pia. Makala haya yanachunguza msamiati unaofaa kwa somo hilo, pamoja na tafsiri chache zinazopotosha.

Jina la mchezo

Magazeti ya Tanzania na Kenya huliandika jina la mchezo huu pool, kwa tahajia yake ya kigeni, na wachezaji hulitamka hivyo hivyo. Kulitohoa kuwa puli kungefuata kanuni za sauti za Kiswahili bila kasoro, lakini neno hilo, hasa likitanguliwa na kitenzi piga, lina maana ya mtaani isiyotajika darasani. Mfasiri asiyeijua atachekesha ukumbi mzima bila kukusudia. Biliadi ni neno salama, ila hujumuisha michezo kadhaa, ukiwemo ule unaochezwa kwenye meza isiyo na shimo hata moja. Ndiyo maana kifafanuzi kinahitajika: biliadi ya mashimo.

Piga, gonga, sukuma

Kitenzi piga hubeba mizigo mingi: piga simu, piga pasi, piga picha, piga deki. Katika sehemu kubwa ya matumizi hayo hakuna kitu kinachogongwa. Kwa sababu hiyo agizo "piga mpira" halimwelezi mwanafunzi chochote kuhusu mwendo wa mkono wake. Humwambia tu kwamba jambo fulani litendeke kwa fimbo. Inafaa kukigawia kitenzi hiki eneo lake. Fimbo hupiga mpira. Mpira hugonga mpira mwingine au ukingo wa meza. Kusukuma ni tendo la tatu, ambalo ncha ya fimbo hubaki imeugandama mpira na kuusindikiza. Kwa sheria za mchezo, kusukuma ni kosa. Kwa hiyo mwandishi wa maelezo ya mchezo asikitumie kitenzi sukuma kama kisawe cha piga kwa ajili ya kuepuka marudio, kwa sababu atakuwa amemshitaki mchezaji.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye upatanisho wa kisarufi. Mipira yote mezani imo katika ngeli moja, ya U-I, na hapo ndipo sentensi ifuatayo inapokwama:

"Alipiga mpira mweupe, ukaugonga wa tatu, ukaingia shimoni."

Ni upi ulioingia? Kiambishi u- cha "ukaingia" kinaweza kurejelea wowote kati ya hiyo miwili. Kama ni wa tatu, mchezaji amefanikiwa. Kama ni mweupe, amefanya kosa na zamu inahamia kwa mpinzani. Sarufi haitoi uamuzi, na muktadha hausaidii daima. Tiba yake ni kubadili kitenzi ("ukaugonga wa tatu na kuuingiza shimoni") au kuongeza kionyeshi ("huo wa tatu ukaingia"). Mwandishi wa habari za michezo anayetaka matokeo yaeleweke hana budi kuchagua mojawapo.

Kuhusu nomino, ni vema kutofautisha pigo na mpigo. Pigo, wingi mapigo, ni tukio moja, na hubeba pia maana ya msiba. Mpigo, wingi mipigo, umeundwa kwa ruwaza ile ile ya mwendo na mchezo, na unafaa zaidi kutajia namna ya kupiga. Mchezaji anaweza kuwa na mpigo mzuri hata kama pigo lake la mwisho lilikosa shimo.

Kuteleza, kuviringika, kuzunguka

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao walimu wengi huuacha bila kuutumia. Neno mzunguko peke yake ni pana mno: damu ina mzunguko, fedha zina mzunguko, na dunia ina mizunguko miwili tofauti, wa kulizunguka jua na wa kujizungusha kwenye mhimili wake. Mwanafunzi anayeambiwa "upe mpira mzunguko" ana haki ya kuuliza ni upi.

Mpira ukipigwa katikati kabisa, kwenye kitovu chake, huondoka ukiteleza juu ya kitambaa: unakwenda mbele lakini haujizungushi. Msuguano wa kitambaa huuanzishia mzunguko kidogo kidogo hadi uache kuteleza na kuanza kuviringika, kama gurudumu barabarani. Ukipigwa juu zaidi, kwenye kimo cha saba ya kumi ya kipenyo chake, huviringika tangu mwanzo bila kuteleza. Kwa mpira wa kawaida wenye kipenyo cha milimita 57, kimo hicho ni takriban milimita 40 kutoka kwenye kitambaa. Ukipigwa chini ya kitovu, huenda mbele huku ukijizungusha kinyumenyume, na kitambaa huanza mara moja kuupunguza mzunguko huo.

Kinachoamua mwendo wa baadaye ni hali ya mpira mweupe katika dakika ya mgongano, wala si hali yake ulipoachana na fimbo. Ukigonga mwenzake uso kwa uso ukiwa unateleza tu, humwachia mwendo wake karibu wote na kusimama papo hapo. Mtoto aliyecheza gololi amewahi kuliona jambo hili: gololi iliyogonga hukaa pale ilipokuwa ile iliyogongwa. Ukigonga ukiwa unaviringika, husita kidogo kisha husonga mbele, kwa sababu mzunguko wake haukuhamia kwa mwenzake. Ukiwa bado unajizungusha kinyumenyume, hurudi. Ndiyo sababu umbali ni sehemu ya hesabu: mpigo uliourudisha mpira kutoka karibu huweza kuusimamisha tu kutoka mbali, kwa kuwa kitambaa kimeshaula mzunguko njiani.

Mgongano ukiwa wa kuchepua, yaani usio wa uso kwa uso, mpira unaoteleza bila kujizungusha huachana na mwenzake kwa pembe ya takriban digrii 90. Unaoviringika huchepuka kidogo zaidi ya hapo kuelekea mbele. Kwa migongano mingi ya kati, njia yake mpya huwa kama digrii 30 kutoka kwenye njia ya awali.

Kwa nini "kurudisha" na si "kuvuta"

Istilahi ya Kiingereza hulipa pigo la kurudi jina la kitenzi chenye maana ya kuvuta na pia ya kuchora. Tafsiri za haraka, hasa zile za mashine, zimelizaa "pigo la kuchora", ambalo halimdhuru mtu kwa sababu halieleweki. "Pigo la kuvuta" ni hatari zaidi kwa kuwa linaeleweka, tena vibaya. Mwanafunzi anayesikia "vuta" huirudisha fimbo nyuma kwa ghafla mara inapougusa mpira, akidhani kwamba mpira utaifuata fimbo kama ng'ombe anavyoifuata kamba.

Mguso wa ncha ya fimbo na mpira hudumu kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutenda jambo lolote ndani ya muda huo. Anayekusudia kuvuta wakati wa mguso huwa kwa kweli ameanza kupunguza mwendo kabla ya mguso. Ncha hufika ikiwa imepoa, mara nyingi ikiwa pia imeinuka kuelekea kwenye kitovu. Mpira husimama mahali pa kurudi, na mwanafunzi, akiamini kwamba hakuvuta vya kutosha, huvuta zaidi. Kosa hili huweza kudumu miaka, na chanzo chake ni kitenzi.

Mpira hurudi kwa sababu ulipigwa chini ya kitovu na fimbo iliyopita moja kwa moja mbele, ikiwa karibu sambamba na meza, na kuendelea hata baada ya mpira kuondoka. Agizo linalofaa ni kama hili: "Piga chini ya kitovu, upitishe fimbo, mpira urudi." Dhamiri tegemezi katika "urudi" inafanya kazi muhimu: kurudi ni tendo la mpira, kupitisha ni tendo la mkono, na sentensi haiyachanganyi.

Kutokana na hoja hiyo, mipigo inafaa iitwe kwa kile inachoutendesha mpira mweupe, na unyambuaji wa Kiswahili una kauli mahususi kwa kazi hiyo. Kutoka simama, songa na rudi tunapata mpigo wa kusimamisha, mpigo wa kusongesha na mpigo wa kurudisha. Baadhi ya wafasiri wamependelea kufuatisha kwa ule wa pili, kwa sababu mpira mweupe humfuata mwenzake. Lakini kufuatisha katika Kiswahili sanifu ni kuiga au kupitisha kalamu juu ya kielelezo, na songesha haina mzigo huo. Rudi nayo ina mpaka wake. Mpira uliogonga ukingo pia hurudi kwa maana ya kawaida, na kwa hiyo ni afadhali kusema kwamba hudunda, ili kurudi kubaki kwa ajili ya mzunguko.

Juu, chini, ubavuni

"Piga chini" katika mazungumzo ya leo ni kuacha kitu au kuachana na mtu, na "piga mpira chini" ni kuubwaga sakafuni. "Juu ya mpira" kwa msikilizaji wa kawaida ni kileleni kabisa, mahali ambapo fimbo haifiki bila kusimamishwa wima. Matatizo haya huisha mara moja kitovu kinapofanywa kipimo: juu ya kitovu, chini ya kitovu. "Upande wa kushoto" una utata wa aina nyingine, kwani huweza kuwa mahali pa kupiga au mwelekeo wa kuutuma mpira. Neno ubavu huuondoa: "Piga ubavu wa kushoto" haliwezi kueleweka kama "tuma kushoto."

Mpira uliopigwa ubavuni huzunguka kama pia, huku ukiendelea na safari yake. Mfano wa pia ni bora kuliko maelezo mengi, kwa sababu pia haiendi popote kwa ajili ya kuzunguka kwake; vivyo hivyo, fimbo ikiwa sambamba na meza, mzunguko huu hauupindi mwendo wa mpira kwa kiasi cha kutajwa. Kazi yake huonekana ukingoni. Mpira uliopigwa ubavu wa kushoto, ukigonga ukingo moja kwa moja, hudunda kuelekea kushoto. Hata hivyo hulipiwa gharama: tangu unapoondoka kwenye fimbo hukengeuka kidogo kuelekea upande wa pili, kulia, na anayelenga bila kukumbuka hilo hukosa shimo. Ncha isisogee mbali na kitovu zaidi ya nusu ya nusukipenyo, yaani kama milimita 14. Kupita hapo, huteleza na kuukwaruza mpira.

Mfasiri wa vitabu vya Marekani ajihadhari na mtego mmoja. Wamarekani huuita mzunguko wa ubavuni kwa jina la lugha ya Kiingereza, wakiliandika kwa herufi ndogo. Sentensi inayoonekana kumtaka mchezaji "atie Kiingereza kidogo" inamtaka apige ubavuni. Wafaransa huuita kwa neno lao la athari, na ni kwao ndiko elimu hii ilikoandikwa mapema: François Mingaud, anayetambuliwa kwa kuieneza ncha ya ngozi kwenye fimbo, alichapisha kitabu chake mjini Paris mwaka 1827, na Gaspard-Gustave Coriolis, yule yule anayetajwa katika masomo ya jiografia kuhusu pepo, alichapisha nadharia ya kihisabati ya mchezo huu mwaka 1835.

Pembe

Neno pembe lina bahati ya pekee katika somo hili. Ni kona ya meza, ni kipimo cha digrii, na ni kile ambacho mipira yenyewe ilitengenezwa nacho: sehemu ya pembe za ndovu zilizosafirishwa kutoka Zanzibar katika karne ya 19 iliishia kwenye meza za biliadi za Ulaya na Marekani, kabla ya selulodi ya John Wesley Hyatt na baadaye resini kuchukua nafasi. Kuna kejeli ndogo hapo, kwani mpira kwa asili ni utomvu wa mti, na "mpira wa pembe" ni vitu viwili visivyopatana. Kwa mwandishi wa leo shida ni nyingine. "Shimo la pembeni" huweza kueleweka kuwa la kwenye kona au la ubavuni mwa meza, na meza ina yote mawili. Shimo la kona na shimo la kati hayana utata, hata kama kona ni neno la mkopo ambalo baadhi ya wahariri hulifuta kwa mazoea.

Mkono na fimbo

Mkono wa mbele, unaobeba fimbo mezani, hufasiriwa mara nyingi kuwa "daraja", tafsiri sisisi ambayo haionyeshi kazi yake. Egemeo linafaa zaidi, kwa kuwa fizikia ya Kiswahili tayari inalitumia kwa kitu kinachobeba wenzo: mkono wa egemeo haupigi, hutulia. Mkono wa nyuma una mshiko, ambao hulegea bila kuachia. Ncha ya fimbo hupakwa chaki kabla ya pigo, hasa pigo la mbali na kitovu, kwa kuwa ngozi kavu huteleza. Kitenzi kinachofaa ni paka. "Tia chaki" hueleweka pia, lakini huashiria kuingiza ndani, na chaki hukaa juu ya ngozi tu.