Merton Miller na somo la fedha za kampuni

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, aliyefundisha fedha za kampuni katika shule za biashara za Marekani alikuwa zaidi mtunza kumbukumbu kuliko mtafiti. Kitabu kikuu cha somo hilo, cha Arthur Stone Dewing wa Harvard, kilitoka 1920 na kufikia toleo la tano mwaka 1953. Kilieleza kwa kina aina za hisa na hatifungani, kampuni zilivyofilisika na zilivyopangwa upya. Mwanafunzi alitoka darasani akijua mambo yalivyofanyika. Kwa nini yalifanyika hivyo, na kama kufanya vingine kungebadilisha chochote, halikuwa swali la somo.

Aliyeligeuza somo hilo hakuwa bingwa wake. Merton Miller, mzaliwa wa Boston mwaka 1923, alisoma uchumi Harvard, akafanya utafiti wa kodi katika Wizara ya Fedha ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akapata udaktari Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1952. Mwaka uliofuata aliajiriwa na shule mpya ya biashara ya Carnegie, mjini Pittsburgh. Shule hiyo, iliyoanzishwa 1949, ilikuwa inakusanya wachumi na wanahisabati badala ya wasimuliaji wa mambo ya ofisini. Huko alikutana na Franco Modigliani, Myahudi wa Italia aliyekimbia utawala wa Mussolini na kufika New York mwaka 1939.

Mwaka 1958 wawili hao walichapisha makala katika jarida la American Economic Review. Swali lao lilikuwa jepesi kulitaja: je, thamani ya kampuni hubadilika ikikopa badala ya kuuza hisa? Wengi waliamini kwamba deni la kiasi huongeza thamani. Miller na Modigliani walijibu kwamba, pasipo kodi wala gharama za kufilisika, halibadilishi kitu. Thamani hutoka kwenye faida ambayo mali za kampuni zinazalisha, si kwenye namna faida hiyo inavyogawanywa kati ya wakopeshaji na wanahisa.

Hoja yao inaonekana vizuri kwa hesabu. Chukua kampuni mbili, kila moja ikipata faida ya dola milioni 1 kwa mwaka. Ya kwanza haina deni, na hisa zake zote zina thamani ya dola milioni 10. Ya pili ina deni la milioni 4 kwa riba ya asilimia 5, na hisa zake sokoni ni milioni 7. Jumla yake ni milioni 11. Mwenye asilimia 1 ya hisa za kampuni ya pili hupata dola 8,000 kwa mwaka. Akiziuza kwa 70,000, akakopa 40,000 kwa riba hiyohiyo, akanunua asilimia 1 ya kampuni ya kwanza kwa 100,000, atapata 10,000, alipe riba 2,000, abaki na 8,000 zilezile. Mfukoni zimebaki 10,000 za ziada. Wengi wakifanya hivyo, bei za kampuni mbili hukutana.

Hawakuishia kwenye karatasi. Waliipima hoja kwa takwimu za kampuni 43 za umeme na 42 za mafuta. Upinzani ulikuja haraka: mwaka 1959 David Durand wa MIT alidai kwamba soko halisi lina vizuizi vinavyomzuia mwekezaji kubadilishana hisa na mikopo kwa urahisi huo. Mwaka 1963 wenyewe walichapisha makala waliyoiita wazi kuwa ni marekebisho. Sheria ya Marekani iliruhusu riba kutolewa kwenye faida kabla ya kodi, na kodi ya kampuni ilikuwa asilimia 52. Kwa hiyo deni lilikuwa na faida kubwa kuliko walivyosema mwanzo.

Miller alikuwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1961, na huko somo likapata kizazi kipya. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Eugene Fama na Myron Scholes, ambao wote baadaye walipata tuzo ya Nobel ya uchumi. Makala ya Scholes na Fischer Black juu ya bei za mikataba ya hiari ya kununua au kuuza hisa ilipokataliwa, Miller na Fama waliitetea mbele ya wahariri wa jarida la Chicago, na ikachapishwa 1973. Mwaka 1976, akihutubia chama cha wataalamu wa fedha kama rais wake, Miller aliyatilia shaka hata marekebisho ya 1963: ukihesabu pia kodi anayolipa mwekezaji mwenyewe, faida ya deni inaweza kutoweka.

Modigliani alipata Nobel 1985, Miller 1990, pamoja na Harry Markowitz na William Sharpe. Alipotakiwa kuieleza nadharia kwa ufupi, Miller alipenda kutumia kichekesho cha Yogi Berra, nyota wa besiboli, aliyetaka piza yake ikatwe vipande vinane badala ya vinne kwa sababu ana njaa sana.

Baada ya fahirisi ya Dow Jones ya soko la hisa la New York kuanguka kwa asilimia 22.6 tarehe 19 Oktoba 1987, Miller aliongoza jopo lililoundwa na soko la bidhaa la Chicago Mercantile Exchange, na likasema mikataba ya bei za baadaye haikuwa chanzo cha anguko hilo. Mwaka 1990 akawa mjumbe wa bodi ya wakurugenzi wa soko hilohilo. Ukaribu wa namna hiyo kati ya profesa na soko unastahili kuhojiwa. Alifariki mwaka 2000.

Leo nadharia yake inafundishwa Nairobi na Dar es Salaam, mara nyingi kama fomula ya mtihani. Hapo tunapoteza nusu ya urithi wake: kuipima hoja kwa takwimu. Soko la hisa la Nairobi lilianzishwa 1954, la Dar es Salaam likaanza biashara 1998, na hesabu za kampuni zilizoorodheshwa huchapishwa kila mwaka. Wahadhiri wetu waziingize darasani, wawape wanafunzi kazi ya kupima kama kampuni zetu zinakopa kwa sababu ya kodi, zinajizuia kwa hofu ya kufilisika, au zinafuata mazoea tu.